Herufi za Kanga ya Zuhura

Jumatatu, 1 Februari 1954
Mninga umekauka sawasawa. Nimekata vipande kumi na kimoja, kila kimoja upana wa kiganja. Joto la Keko leo lingepika wali bila kuni. Nimefanya kazi kifua wazi.

Kazi yenyewe ni kanga za harusi ya Zuhura, binti wa dada yangu Mwanahawa. Ndoa Ijumaa ya tarehe 19. Kanga ziko dukani kwa Bwana Abeid pale Temeke, nyeupe, pindo jekundu, hazina jina. Kanga isiyo na jina ni bubu. Maneno yake nitayachonga mie, herufi moja moja, nizipige kwa rangi nyeusi kama muhuri. Herufi za wengine ni vijiti. Zangu zitavaa. A itavaa mkeka. N itavaa wavu. L itavaa magamba ya samaki changu. Hakuna fundi aliyewahi, kuanzia hapa mpaka Lamu.

Zuhura aliniomba mwenyewe kabla hajawekwa ndani kama mwali. Ndugu wa mume ni makarani wa Kawe. Wanasemaga sie wa Keko tunajua vitanda tu. Akasema, "Mjomba, nataka kanga ambayo hawajapata kuiona." Nimemwahidi.

Jumatano, 3 Februari
Dada ameniletea maneno kwenye karatasi. Kayaandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Za Kizungu hazijui. Mie najua zote. Za Kiarabu miaka sita kwa maalim, na fimbo zake. Za Kizungu miaka miwili shuleni, zilizobaki nilizipata jeshini Barma nikipaka majina kwenye malori. Niliwahi kupaka S kwenye lori la maji, paka wa kambi hakulisogelea tena. Kadhani nyoka. Mashahidi wapo, ila wote wako Songea.

Karatasi nimeisoma mara moja, ikatosha. Nikayahamishia ubaoni kwa chaki:
ALIYENIUA NIMEMRIDHIA.
Maneno mazito. Mapenzi ya kuua mtu, na marehemu hana kinyongo. Sikujua kama dada ana mambo hayo kifuani.

Ijumaa, 5 Februari
Muhuri huchongwa kinyume. L itazame huku, E itazame kule. Mafundi wa barabara hii wangepata kizunguzungu. Mie nimesoma kutoka kulia kwenda kushoto tangu sijang'oka jino.

N nimeichonga mara mbili. Ya kwanza ilipasuka.
(Haikupasuka. Niligeuza vibaya. Daftari langu halisomwi na mtu, naweza kusema kweli.)

Jumapili, 7 Februari
Aibu.
Nimezijaribu kwenye kitambaa kibovu. A imetoka doa. Mkeka wote umemezwa na rangi. Magamba ya L kama chapati iliyoungua. Nilichonga siku sita.
Bwana Abeid kapita, kakigeuza kitambaa juu chini, kaniuliza, "Fundi, hizi herufi au kunguni waliopondwa?"
Wapiga randa wote wamecheka. Nimewaambia rangi ndiyo mbovu. Rangi haina ubaya wowote. Nimechukia mpaka chakula sikukitaka.

Jumatatu, 8 Februari
Nimeelewa. Mistari ilikuwa mingi, haina kina. Nilitaka kuchonga mkeka mzima na wanaoukalia. Kumbe kili tatu za mkeka zinatosha, jicho litasuka zilizobaki.
Naanza upya vyote kumi na kimoja. Siku ziko kumi na moja. Hesabu imejileta yenyewe.

Jumatano, 10 Februari
D nimekataa kuichonga. Nimeibandika kipande cha gunia usoni, nikatia rangi, nikapiga. Gunia limetoka lenyewe, uzi kwa uzi.  Halafu nikazunguka karakana zote nikiionyesha. R nayo nimeivisha kumbi la nazi. Imetoka na manyoya.

Mwalimu Yohana, mpangaji wa nyumba ya pili, Mhaya wa Bukoba, kajitolea kuyapitia maneno kabla sijapiga. Nimemkatalia. Nimemwambia nilikuwa nikipaka herufi yeye hajazaliwa. Ana miaka thelathini na ushee. Basi, alikuwa mdogo.

Ijumaa, 12 Februari
Zimekamilika. Zote zinasomeka, zote zimevaa. Inayonipendeza zaidi ni U. Korosho saba zimepanda mkono mmoja na kushuka mwingine. Ingekuwa mtu ningemposa.

Jumapili, 14 Februari
Kanga thelathini, jana na leo. Bega halinyanyuki. Nimezianika kamba tatu, kutoka mlango wangu mpaka kwa muuza mkaa. Wanawake wamesimama na ndoo zao vichwani kutazama.
Dada amekuja. Maneno hawezi kuyasoma, lakini kaipapasa A kwa kidole, kasema huu mkeka ni wa mama. Machozi yamemtoka. Nami nikaenda kutafuta msasa nisiouhitaji.

Jumanne, 16 Februari
Mwalimu Yohana kapita akitoka shule. Kanipa shikamoo. Kasimama mbele ya kamba, kasoma, karudia kusoma. Halafu kaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani:
"Fundi, nani kamuua nani?"
Nimemfukuza. Nimemwambia haya ni mapenzi ya pwani, hayafundishwi Bukoba. Kaondoka na adabu yake.

Nikaitoa karatasi ya dada. Nikaisoma tena, pole pole. Jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo. Kwa Kiarabu o na u ni alama moja, msomaji hujichagulia. Mie nimejichagulia mauaji.

Nimekwenda kwa dada Temeke kwa miguu. Nimemwomba dada anisomee. Kasoma: "Aliyenioa nimemridhia. Kwani wewe ulisoma nini?"
Nikasema hivyo hivyo, nilitaka tu kusikia. Nimekunywa maji vikombe viwili.

Rangi haifutiki. Kanga nyingine nyeupe Bwana Abeid hana, mpaka meli ije. Ningeweza kunyamaza. Dada hatajua, shangazi zake Zuhura hawatajua. Lakini makarani wa Kawe watasoma herufi kwa herufi, na Zuhura atatoka ndani mbele yao amevaa nguo inayosema mume wake ni muuaji na mjomba wake ni mjinga. La pili ni kweli. La kwanza sitakubali.

Siku mbili.

Jumatano, 17 Februari
Tangu alfajiri niko mbele ya U. Nimeitazama mpaka ikanitazama.
U ni nini? Ni O iliyokosa kifuniko. Ni chungu tu. Kinachotakiwa ni kufunika.

Kifuniko cha kwanza, mti mtupu. Kimekaa kama kiraka cha suruali. Cha pili nimekichonga korosho. Hazikukutana na za chini, zimebaki kama meno ya mzee. Nimekitupa, kimempata kuku.

Adhuhuri, mpita njia na kofia ya kazi ya mkono kichwani, ile ya vitobo vya sindano. Nimemsimamisha. Nimemwomba ainamishe kichwa nikahesabu vitobo. Kaniona nimeingiwa na pepo. Nimechonga kofia ndogo, upinde mmoja, nakshi ya vitobo, kingo mbili zikalie mikono ya U sawasawa.
Nikapiga ya kwanza. 
Imefunga. O. Korosho chini, kofia juu.

Nimekwenda mwenyewe kubisha kwa Mwalimu. Nimemleta, nimemwonyesha kanga kwa kidole. Kasoma: "Aliyeni-o-a." Nikamwambia arudie. Karudia.
Asante haikutoka. Nimeuchukua mguu wa kiti chake uliovunjika, nimemtengenezea.

Alhamisi, 18 Februari
Kofia ishirini na tisa. Tatu zimekaa upande. Wapo mabwana harusi wanaovaa hivyo.

Ijumaa, 19 Februari
Ndoa imefungwa. Wanawake wetu wametoka wote na kanga zao, ua mzima umejaa mikeka na nyavu na magunia yanayosema. Makarani wamesoma kwa sauti. Mmoja, mwenye miwani, kauliza mbona O peke yake ina kofia. Nikasema yule ndiye bwana harusi, ndiyo maana kakaa karibu na mwisho wa neno, bwana harusi hatangulii kufika. Wamecheka, wakampigia makofi bwana harusi mwenyewe. Mpaka tunakula pilau nilikuwa nimeshawaeleza kwamba mshona kofia wa Sultani aliwahi kuniomba kiolezo nikamnyima.

Zuhura alipokuja kuniaga kanibusu mkono. Kaninong'oneza: "Mjomba, kofia umeivika baadaye. Weusi wake ni mpya."
 Kacheka, kajitanda, kaenda kwa mumewe.

Jumatatu, 22 Februari
Mvua kidogo asubuhi. Keko kimya.
Bwana Abeid anataka herufi zote za Kizungu, zilizovaa. Nimesema nitafikiri. Nilikuwa nimeshakata mbao.
Zilichapwa thelathini, kofia nilipiga thelathini. Lakini kile kitambaa kibovu cha majaribio bado ninacho, nilikipigia jina zima kabla ya kanga. ALIYENIUA, wazi, bila kofia. Nimekikunja, nimekiweka chini kabisa ya sanduku la vyombo, kila nikitafuta patasi nikione.

Jioni nimemaliza B. Nimeivisha maganda ya fenesi. Nimemwita Mwalimu Yohana aitazame kabla sijatia rangi. Kaigeuza, kashangaa, kasema lakini fundi, hii ni B tu, iko peke yake, haina neno.
Nikasema najua. Isome hivyo hivyo.