Mawe ya Karabai na Kazi ya Mjomba

Kambi ya Wachimbaji, Geita

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Masanja, mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke maneno. Ukifika mahali panapouma usibadilishe sauti kama wanaotangaza msiba. Mama ataelewa mwenyewe.

Naomba barua hii iwakute wazima. Mguu wa Bibi umepona? Mvua imenyesha huko Mhunze, au bado mnayatazama mawingu yakipita? Yule ndama mwenye paji jeupe ananyonya sasa? Mimi ni mzima wa mwili, nakula na kulala vizuri. Anayekuletea barua hii ni Mjomba mwenyewe, kwa hiyo utakuwa umemwona yeye mlangoni kabla ya kunisikia mimi, na utakuwa umejiuliza kwa nini amekuja wakati si wa likizo. Hatakueleza yote. Unamjua kaka yako, akiulizwa jambo zito yeye huuliza habari za ng'ombe. Ndiyo maana naandika mimi.

Mjomba amefukuzwa kazi mgodini. Hakuiba, Mama. Nataka ulisikie hilo kwanza, kabla hujasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba ni mwizi.

Mwezi uliopita Mwalimu Zakaria alitufundisha historia ya taa. Alichora ngazi ubaoni. Kwenye kidato cha chini kabisa alimchora mtu ameshika kijinga cha moto. Juu yake akachora jiwe lililochimbwa shimo na kutiwa mafuta ya mnyama, kisha mshumaa, kisha taa ya mafuta ya samaki mmoja wa baharini ambaye alisema ni mkubwa kuliko kanisa letu. Juu zaidi akachora taa ya mafuta ya taa, na kileleni kabisa taa ya umeme. Alitueleza kwamba zamani huko Ulaya matajiri walitembea jioni wakitanguliwa na watu waliowabebea mienge, na wenye mienge walipowafikisha mabwana zao nyumbani, wao walirudi kwao gizani. Alisema binadamu amepanda ngazi hiyo kidato kwa kidato, kwa maelfu ya miaka.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, walipopanda kidato kipya, walipanda wote?"

Wavulana wakacheka. Mmoja nyuma yangu akasema, "Milembe anataka kujua kama na mama yake alipanda!" Mwalimu akagonga meza. Kisha akaniambia, "Kaa chini, Milembe." Nikakaa.

Jioni ile nilirudi kambini kwa miguu, na njiani nikaiona ngazi yote. Karibu na kijito bibi mmoja Mzinza alikuwa anatoka kuomba moto kwa jirani, amebeba kijinga na kukikinga na upepo kwa kiganja. Kwenye vibanda vyetu koroboi zilikuwa zimewashwa, zile zinazotutia masizi puani. Kwa nyapara kulikuwa na chemli yenye kioo safi. Dukani kwa Mhindi taa ya pampu ilikuwa inavuma huku wadudu wakijipiga kwenye kioo. Langoni mwa mgodi wanaume wa zamu ya jioni walikuwa wamepanga foleni, karabai zinawaka juu ya kofia zao ngumu. Na kule mlimani, kwenye nyumba za Wazungu, umeme ulikuwa unawaka hata kwenye baraza zisizo na mtu. Mwalimu alisema safari hiyo ilichukua maelfu ya miaka. Mimi niliimaliza kabla jasho halijanikauka. Kambini kwetu pia kuna taa moja ya umeme, ipo langoni. Imewekwa hapo ili askari aone nani anaingia na nani anatoka.

Sasa nikueleze karabai, maana ndiyo iliyotuletea haya. Ni taa ya mkebe wa shaba. Chini hutiwa mawe ya kijivu, juu hutiwa maji. Maji yakidondokea mawe, hutoka hewa yenye harufu kama ya kitunguu saumu, na hewa hiyo ndiyo inayowaka. Mawe yakimaliza hewa yake hubaki majivu meupe. Wanaume wakipanda kutoka chini huyagonga majivu hayo nje ya nyumba ya taa, na pamekuwa na kilima cheupe pale. Wanawake wa kambi huenda na ndoo kuyachota. Huyaloweka usiku kucha, na asubuhi hupaka ukuta. Hakuna nyumba hapa isiyopakwa hivyo kabla ya sikukuu, hata ya nyapara.

Lakini si kila bonge limekwisha. Mengine ukiyavunja unakuta kiini cha kijivu, kidogo kama kunde au kikubwa kama kokwa la embe, nacho bado kina moto wake. Mjomba anayajua kwa uzito tu, akiyashika mkononi. Alikuwa ananiona kila jioni nimeinama karibu na koroboi, macho yamekuwa mekundu, najiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Mchana huwezi kusoma huku, kuna maji, kuna kuni, kuna mtoto Shija wa kubebwa. Basi akaanza kuokota mabonge yenye viini kwenye kile kilima, akayaweka katika mkebe mkavu. Akatengeneza taa kwa mikebe miwili ya maziwa na mdomo wa karabai mbovu uliokuwa umetupwa palepale.

Mama, ungeiona ile nuru! Nyeupe, haina moshi, unaona hata nukta. Siku ya kwanza Mama Shija, mke wa Mjomba, alitazama juu akaona buibui wamejaa kwenye kona zote, akasema, "Kumbe tunaishi na wapangaji! Baba Shija, zima upesi kabla hawajatuomba chakula." Tulicheka sana. Nilisoma hesabu zote za kitabu jioni chache tu. Niliamini kwamba nitafaulu. Bado naamini.

Kisha mvua ikaanza. Mama Shija alitaka kupaka nyumba, lakini kwa mvua hakuweza kuloweka majivu nje kama kawaida, akaiingiza ndoo jikoni. Akaona majivu hayatoshi. Akaona mkebe wa Mjomba, ndani mna mabonge meupe kwa nje, sawa kabisa na yale mengine. Akadhani mumewe amemletea ya kuongezea. Akayamwaga yote katika ndoo ya maji, akafunika na gunia, akaziba dirisha kwa sababu ya mvua, akafunga mlango.

Asubuhi moto wetu ulikuwa umezimika kwa unyevu. Alikwenda kuomba kijinga kwa jirani, kama wanavyofanya wote, akarudi nacho akikipuliza. Alifungua mlango wa jiko.

Nilikuwa chumbani na Shija. Nilisikia kishindo kana kwamba mabati yote ya kambi yameangushwa kwa pamoja. Nilipotoka, Mama Shija alikuwa ameketi kwenye tope nje ya jiko, hana nyusi, ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake kama si wake. Hakulia. Aliniuliza, "Shija yuko wapi?" Nikamwambia Shija ni mzima. Ndipo akalia.

Kwenye zahanati walimuuliza ameunguaje, naye akasema kweli, kwa sababu hakujua kama kuna uongo wa kusema. Mchana nyapara alikuja na askari. Siku ya pili yake Mjomba aliitwa mbele ya bwana wa kambi, na mimi niliitwa kwa kuwa ndimi niliyekuwa nasomea ile taa. Bwana wa kambi aliongea kidogo sana. Karani wake ndiye aliyetuuliza.

"Mawe haya umeyapata wapi?"

"Jalalani," akasema Mjomba.

"Jalala la nani?"

"La mgodi."

"Basi ni mawe ya mgodi."

Mjomba akasema, "Bwana karani, kila nyumba kambini imepakwa kutoka kwenye jalala hilo. Hata yako nimeipaka mimi mwenyewe."

Nyapara akageuka kuficha kicheko. Karani hakucheka. Alisema, "Majivu mmeruhusiwa. Moto hamkuruhusiwa."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, Mama. Nilidhani nikiyarudia nitayaelewa.

Kisha karani akainama karibu na Mjomba, akasema kwa sauti ya upole, kama mtu anayekusaidia, "Sema aliyeokota ni mtoto. Mtoto hawamfungi. Atatolewa kambini tu arudi kwao, na wewe utabaki na kazi yako. Una mke mgonjwa."

Mjomba alinitazama. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Alinizuia kwa mkono, vile anavyomzuia ndama asipite zizini. Akamwambia karani, "Mtoto alikuwa anasoma. Niliyeokota ni mimi. Mwambie bwana wako hivyo hivyo, usipunguze."

Ndivyo ilivyokwisha. Miaka yote aliyowachimbia dhahabu chini kule, akiwasha mawe yao juu ya kichwa chake, imekwisha kwa maneno machache, na bwana wa kambi hakuinua hata uso kumtazama akitoka.

Nisikufiche, nyumbani hapakuwa na amani. Mama Shija alimwambia Mjomba, nami nasikia, "Umewapa kazi yako kwa ajili ya mtoto wa dada yako. Na wako je? Huyu naye atasoma kwa taa gani?" Mjomba akamuuliza kama mkono unauma. "Usiniulize mkono!" akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unasubiri nini hapo? Chukua kitabu. Soma mpaka macho yakutoke. Nikisikia umeanguka mtihani huo, nitakufuata hukohuko utakakokuwa, na nitakupiga kwa mkono huu huu uliofungwa." Nilichukua kitabu. Yeye akaketi nyuma yangu, akaanza kunifumua nywele kwa mkono wa kushoto, vibaya sana, akinivuta.

Nimekasirika, Mama. Tumefundishwa kwamba msichana mwema hana hasira, nami nimejaribu kuiondoa, haiondoki. Nikiona zile baraza za mlimani zinavyowaka bure hadi asubuhi, inazidi. Hawakupungukiwa na chochote. Hata yale mawe yangenyeshewa mvua jalalani na kufa bure, na wasingejua.

Mwalimu Zakaria alipopata habari alikuja kutuona. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akamwambia Mjomba pole, kisha akaniambia, "Siku ile uliniuliza swali, nikakuambia ukae. Ni kwa sababu sikuwa na jibu. Hata leo sina." Akasema mkewe yuko tayari nikae kwao mpaka mtihani, nilale jikoni, nisaidie kutwanga na kuteka maji. Jioni watoto wao husoma mezani kwa chemli, nami nitapata nafasi upande mmoja.

Sasa hili ndilo ninalokuomba. Familia ya Mjomba lazima itoke kambini. Mama Shija amehifadhiwa na jirani mmoja wa kanisani, nje ya kambi, mpaka mkono upone. Mjomba akishakuona atarudi kumchukua, na watakuja wote kukaa huko. Najua Baba Mkubwa atasema nami nirudi pamoja nao. Atasema msichana hakai kwa watu wasio wa ukoo, na tena kwamba kusoma huku ndiko kulikoleta balaa hili. Labda atataja na ile nyumba iliyokuja kuniulizia mwaka jana kwa ng'ombe. Tangu Baba alipofariki yeye ndiye anayesema nyumbani, na sitaki kumkosea heshima. Lakini anakusikiliza wewe, ukimngoja amalize kula. Mwambie kabla ya mtihani umebaki mwezi mmoja na siku chache. Mwambie nikirudi sasa, Mjomba atakuwa amepoteza kazi na hakuna alichopata.

Nisalimie Bibi, mwambie nafanya ile dua aliyonifundisha. Msalimie Baba Mkubwa kwa magoti, na mkewe, na wanawe wote. Msalimie shangazi anayefuma vikapu, na mama jirani anayetuchungia mbuzi mvua ikinyesha. Masanja, wabeja, asante kwa kusoma mpaka hapa. Ukiwa shikome, pale wanaume wanapoota moto na kuongea, na mtu akamwita Mjomba mwizi, usipigane. Simama tu umsomee barua hii.

Mama, ukikubali nibaki, mpe Mjomba ile shuka yangu nzito anirudishie, maana jikoni kwa Mwalimu ni baridi alfajiri. Usipokubali, usimpe kitu. Nikimwona anashuka kwenye lori mikono mitupu nitajua, nitafunga sanduku langu na kuja naye, na sitalia mbele yake. Ila usimtume aje kuniambia hapana kwa mdomo wake. Amekwisha sema vya kutosha kwa ajili yangu.

Mwanao anayekungoja,
Milembe