Watafiti Watatu na Chumba cha Edna

Kambi ya Juu,
Mnyuzi, Korogwe.
9 Agosti 2025

Mpendwa shemeji Ritha,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafika mstari huu. Mnaendeleaje huko Njombe na hiyo baridi? Kifua cha Valerian kimepoa? Mwambie asitoke asubuhi bila sweta, na asiseme mimi mtu wa joto sijui habari za baridi. Sisi hapa tu wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana, lakini shambani nafika na kurudi.

Mahindi mwaka huu ni ya kuokoteza. Mvua ilianza vizuri, kisha ikatukimbia. Mihogo ipo. Ng'ombe wa Wamasai waliingia nyuma ya nyumba wakala kisamvu chote. Edna angekuwepo wangemtambua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu hukatika katikati ya maneno, na haya nataka uyasome ukiwa umekaa.

Umeniuliza mara nyingi lini uje kutoa nguo za dada yako Edna. Mwaka umepita, na kila ukiuliza nakujibu subiri. Desturi ya hapa kambini unaijua, ile waliyotuachia babu zetu manamba, wakata mkonge waliotoka mbali: nguo za marehemu hatoi mume wala mtoto, hutoa ndugu wa tumbo moja. Mpaka zitolewe, hatusemi amekwenda, tunasema yumo chumbani. Na siku ikishapangwa, mume huingia peke yake akamwambia. Hapo kwenye kuingia na kumwambia ndipo niliposhindwa. Nilifunga mlango kwa kufuli, nikawa napita pale kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa aliyelala.

Sasa nikupe habari za wageni. Tangu Juni nimewapangishia vyumba vya mbele watu wa vyuo vikuu. Hawakuja pamoja wala hawakujuana, ila nyumba ya wageni hapa Mnyuzi unajua hakuna. Wa kwanza ni Jacob, kijana wa mbu. Anatundika mitego yenye taa ndogo na feni vyumbani mwa watu, asubuhi anapekua walionaswa. Wa pili ni Mwalimu Shadya, ametoka shule za Handeni, anachunguza watoto wa darasa la kwanza wanavyojifunza kusoma wakiwa nyumbani. Wa tatu ni Bwana Chetan, mjukuu wa yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa Korogwe mjini. Yeye anatafuta lugha ambazo manamba walikuja nazo, kama bado kuna anayezisema.

Shemeji, mimi niliishia darasa la saba, sikujua kwamba elimu ina matawi namna hii. Mmoja anatazama damu tumboni mwa mbu, mwingine anasikiliza mtoto akisema ba be bi, mwingine anaokota maneno ya watu waliozikwa kwenye mkonge. Wote wanaiita utafiti, na kila mmoja anaona wa mwenzake ni mchezo. Nyumba ilichangamka. Nilikuwa nimesahau sauti ya watu wanaobishana wakila.

Jioni moja tulikuwa tunakula barazani, jua halijazama. Jacob akaanza uchokozi wake.

"Bwana Chetan, leo umeokota maneno? Au na leo umekunywa chai za wazee tu?"

"Chai nimekunywa, na salamu nimepata," Chetan akamjibu. "Mbu wako wanajua kusalimia?"

"Wanauma. Salamu gani zaidi ya hiyo?"

Shadya akacheka. "Salamu umepata kwa nani? Si ulisema Kibena kimekwisha hapa?"

"Kimebaki kwa mtu mmoja. Mama mwenye nyumba. Kila asubuhi nikienda kunawa napita mlangoni kwake nasema kamwene, naye ananijibu, kamwene. Sauti nzuri, ya taratibu. Mzee aliniambia mkewe yumo chumbani, nami nangoja apate nafuu atoke, nimhoji."

Tonge langu lilibaki mkononi.

Jacob akamtazama kama mtu anayengoja mwisho wa utani. "Mlango upi?"

"Ule wa mwisho, wa uani."

"Kaka, ule una kufuli. Mzee hunifungulia nitundike mtego na hunifungulia nikautoe. Nilimwomba chumba kisicho na mtu, ili nilinganishe na vyumba vyenye watu. Chumba changu kisicho na mtu ndicho hicho." Halafu akashusha sauti, utani umemtoka. "Tena kinanisumbua. Mbu hufuata pumzi. Chumba kitupu hupata wachache, waliopotea njia. Kile kinapata wengi kuliko chumba chochote humu, na wameshiba. Nilipeleka wachache maabara nikidhani ni damu ya mbuzi wa mzee. Si ya mbuzi. Ni ya mtu."

Shadya aliweka sahani chini. Alisema wale watoto wa jirani, wanaokuja kusoma uani chini ya dirisha la chumba kile, wote wana neno moja. Mwenzao akikimbilia mstari wanamwambia, "Taratibu, herufi haina miguu." Aliwauliza nani kawafundisha. Wakamjibu wanaambiwa hapo hapo wanaposoma.

Ritha, neno hilo unalijua ni la nani. Hata wewe lilikusomesha. Na watoto hao walihamia kutoka Kerenge baada ya mazishi.

Ikabidi niwaambie. Niliwaambia mwenye chumba ni mke wangu, na kwamba tulimzika mwaka jana upande wa reli. Hakuna aliyemaliza ugali. Baadaye kila mmoja alijaribu kulirudisha neno lake. Jacob alisema huenda mbu hushiba vyumba vya jirani na kupitia upenyo wa dari. Chetan alisema labda ni mwangwi wake mwenyewe, lakini alikuwa anatikisa kichwa huku akisema. Shadya aliosha vyombo vyote bila kuombwa.

Utadhani niliogopa. Sikuogopa, niliona wivu. Watu wa mbali, waliokuja na mambo yao, mmoja Edna kampa damu, mmoja kamwitikia, watoto wa watu wanafundishwa. Mimi niliyeishi naye, niliyemtungia uzi kwenye sindano macho yalipomwishia, sijapata hata kikohozi. Nilifungua mchana nikakaa kwenye kigoda chake cha cherehani. Kanga zimekunjwa alivyozikunja, maandishi kwa ndani, maana alisema si kila mtu asome. Nilimwita. Kimya. Nilikaa siku nyingine, kimya. Nikawa najiambia, Ritha asije bado, asizitoe nguo kabla na mimi sijapata changu.

Ila juzi Alhamisi nilimsikia Jacob akimwambia Shadya kwamba hawezi kulala tena, anahisi kuna mtu nyumba hii anayezuiwa asiende. Sijui kama alijua niko karibu. Yeye ni mtu wa vipimo, hilo si neno la vipimo. Lilinikaa.

Basi alasiri ile ile niliingia nikafunga mlango, nikasimama kama desturi inavyotaka. Nikasema, "Edna, Ritha anakuja kutoa nguo. Nimekubali." Sikusikia kitu. Nilibaki mpaka mwanga ulipoondoka dirishani, nikamfungulia Jacob atundike mtego wake, nikaenda kupika.

Jana asubuhi Jacob alitoka na mtego mkononi. Akaugeuza, akaupiga piga kwa kiganja. Hamna hata bawa la mbu. Chetan alisimama mlangoni, taulo begani, akasema kamwene. Akasema tena. Kisha akaja akakaa karibu nami. Na watoto walipofika walisoma mbio, wanaruka mistari, hakuna aliyemzuia mwenzake.

Kumbe alikuwa ananisikia, shemeji. Mwaka mzima nilimwita arudi, hilo hakulijibu. Nilimwambia neno moja la kumruhusu, akalijibu usiku ule ule.

Kwa hiyo njoo. Panda basi wiki hii kama nauli ipo, nitakupokea Korogwe. Sitakuambia tena subiri. Chumba nimekiacha wazi tangu jana, upepo unapita. Zilizomo ni nguo tu.

Nisalimie Valerian, mama mkwe wako Raheli, na Shukuru mdogo, mwambie babu yake wa Mnyuzi anamkumbuka. Eliasi na mkewe hapa wanakusalimu. Mungu awatunze nyote na akufikishe bila tatizo njiani.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa ajili yako na kwa ajili yake,

Filemoni