Kazi Wanayoikimbia Wenyeji

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee umekaa, maana barua hii ni ndefu na miguu yako naijua. Kile kifundo kimepungua kuvimba? Au bado unasimama mbele ya mashine za kufulia kutwa nzima, kana kwamba usipokwenda wewe hospitali yote italalia magodoro matupu? Na mzee wa nyumba hajambo? Mwambie kikohozi si cha kubishana nacho, aende akaonekane. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwanza nikushukuru kwa kuwaangalia mke wangu na mwanetu Kidoti. Tangu mama mkwe apigwe na kiharusi, na mke wangu, kwa kuwa ndiye mtoto pekee, akafunga virago na kumchukua mtoto aende kumuuguza huko kwenu kisiwani, humu ndani hamkaliki. Viatu vya Kidoti vilivyokuwa vinambana aliviacha mlangoni. Nikifagia, nafagia kuvizunguka. Mwenye nyumba aliniuliza kwa nini siwapi watoto wa jirani. Nikamwambia nitawapa. Sijawapa.

Sheria ya huko unaijua kuliko mimi, wewe uliyeolewa huko ukawa mwenyeji. Kisiwa chenu kinampenda mgeni wa kuogelea, ale, alipe, aondoke. Mgeni wa kuja kuishi anaulizwa kwanza ana kazi gani, na si kazi tu, bali kazi ya mshahara uliovuka kiwango walichokiweka. Barua ya mwajiri uwe nayo kabla hujapanda chombo. Eti ukifika huko ndipo utafute, hawataki kusikia. Kuwa na mke na mtoto huko hakusaidii kitu.

Nami nikajiona mjanja, nikasema mtu mwenye ufundi hakosi pa kulala. Nilisahau ufundi wenyewe. Fundi wa lifti, Shangazi, kwenye kisiwa ambacho nyumba nyingi mtu akiruka dirishani haumii! Nilipiga simu kila mahali. Wengi walicheka kabla hawajajibu. Bwana mmoja wa kampuni ya ujenzi aliniambia kwa upole kabisa kwamba huko jua ni kali na mnazi ndio jengo refu, labda nijifunze kukwea. Hospitali yenu uliponihimiza niiandikie niliandika, wakanijibu hakuna nafasi ya fundi. Baadaye nikakoma kuwaambia wenzangu kazini kwamba natafuta, maana walianza kuniita Bwana Pwani.

Halafu ikatokea ile hoteli mpya ya ghorofa nyingi. Walikuwa wanataka mkuu wa mafundi, na mshahara wake ulivuka kile kiwango bila hata kujinyoosha. Walisoma maombi yangu wakayapenda. Wakaniambia meneja mwenyewe atanipigia simu siku ya Jumanne asubuhi, tuzungumze, na kama tutaelewana barua itaandikwa siku hiyo hiyo. Mke wangu nilipomwambia alilia kwenye simu. Nasikia alikuja kwako siku hiyo akapika yeye.

Jumanne ile nilivaa shati jeupe chini ya ovaroli, ingawa kwenye simu shati halionekani. Nilimwomba msimamizi wangu nisipangiwe kazi asubuhi. Akakubali. Lakini kabla ya saa yenyewe, lifti ya jengo la ofisi lililo mkabala na karakana yetu ikakwama katikati ya ghorofa, na ndani yake kuna karani, mama wa makamo, mwenye pumu, na dawa yake ya kupuliza ameiacha juu ya meza. Fundi wa zamu alikuwa upande wa pili wa mji. Watu wakaja kuniita mbio. Shangazi, ungefanyaje? Nilikwenda.

Umeme ukikatika na lifti ikigoma, mtu hupanda chumba cha mashine juu kabisa ya paa, akaiachia breki kwa mkono mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa pili, kidogo kidogo, mpaka chumba kile cha watu kisawazike na mlango. Mkono ukiuondoa, kinasimama tena. Nikiwa nimelishika gurudumu, simu ikaanza kuita mfukoni. Nilijua ni nani. Mlinzi aliyekuwa chini alikuwa ananipigia kelele kwamba mama hasikiki tena. Simu ikaita, ikanyamaza. Ikaita tena, nami jasho linaniingia machoni, nazungusha. Ilipokatika mara ya pili nilihisi kama kuna mtu kanishusha begi mabegani na kukimbia nalo.

Karani alitolewa mzima, wakampulizia dawa, wakamkalisha kwenye baraza. Mimi nilikwea ngazi kurudi juu ya paa, kutafuta kimya, nikapiga ile namba. Akapokea binti, katibu wa meneja. Nikamweleza yote, tena kwa pumzi za mtu aliyetoka kukimbia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, wala hakusema kwa ubaya:

“Meneja anasema hivi, kaka yangu. Asiyepokea simu ya kazi, mgeni wetu akikwama kwenye lifti atapokea?”

Nilitaka kucheka, Shangazi. Nilitaka pia kuitupa simu kutoka juu ya paa lile. Nilimwomba amweleze tena. Akasema meneja harudii usaili. Nilikaa pale kando ya matangi ya maji hadi mlinzi akaja kuniangalia, nadhani aliogopa nisije nikaruka. Nilimwambia aende zake, napunga upepo.

Mkosi haujui kutembea peke yake. Ijumaa ya wiki ile kampuni ilituita, ikatuambia imeuzwa, na wanunuzi watakuja na mafundi wao. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha pamoja na mwezi. Sasa nikawa sina kazi ya huku wala ya huko. Kupika niliacha. Nilikuwa nanunua mkate naula nimesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Katika hali hiyo mwenzangu mmoja akanipeleka kwa dalali mwenye kiofisi juu ya duka la simu, anayetengeneza barua za waajiri ambao hawakuzaliwa. Muhuri upo, saini ipo, hata harufu ya ofisi ipo. Nikamwambia nitarudi kesho. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua. Jioni nikamdokezea mke wangu kwa simu. Unamjua, hana maneno mengi.

“Baba Kidoti, njoo kwa mlango,” akasema. “Dirishani wanapita wezi.”

Nikamuuliza mlango gani, ikiwa yote imefungwa. Akasema hajui. Kisha nikaomba niongee na mtoto. Nilimsikia mke wangu anamwita, anambembeleza, na nikaisikia sauti ya Kidoti, karibu kabisa, wazi kabisa:

“Mwambie huyo mtu nimelala.”

Sikuambii nililia au sikulia. Lakini alisema huyo mtu, Shangazi. Hakusema baba.

Kwa dalali sikurudi. Huko mbele sikuona kitu. Nilikuwa nafika kazini, nafanya kazi za siku za mwisho, narudi, nalala na viatu. Kumbe mke wangu hakukaa. Huenda na wewe ulimwona, maana ni mahali pako pa kazi. Alimpeleka mama yake kwenye mazoezi ya viungo, na kama unavyojua chumba cha mazoezi kiko juu na lifti yenu ni gofu tangu masika. Akambeba mama yake mgongoni. Katikati ya ngazi magoti yakamwishia, akakaa na mzigo wake hapo hapo, na daktari mkuu alikuwa anashuka. Yule mama daktari akamsaidia kumwinua mgonjwa. Mke wangu, huku anahema, akamwambia, “Hospitali ina lifti haina fundi, na mimi nina fundi sina lifti. Hivi sisi sote tuna akili kweli?” Maneno haya sikuyapata kwake. Nimeyapata kwa daktari mwenyewe.

Alinipigia asubuhi ya pili yake. Safari hii, Shangazi, simu niliishika mkononi kama yai. Akaniuliza mambo ya lifti, nikajibu. Akasema tatizo ni kwamba mshahara wa fundi wa hospitali haufiki kile kiwango cha uhamiaji, hata akiuvuta. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya majokofu. Nikamwambia nilianzia huko, nikitengeneza majokofu ya bucha kabla sijapanda kwenye lifti.

“Basi kuna nafasi ambayo wenyeji wanaikimbia,” akasema. “Tumeiongezea posho mara kwa mara, hakuna anayekaa. Ni mitambo ya baridi ya chumba cha maiti. Chumvi ya bahari inaila kila mara, na anayeitengeneza lazima aingie ndani, hata maiti wakiwamo. Ukiibeba hiyo pamoja na lifti, kiwango unakivuka.”

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Barua imefika juzi. Nimeipeleka dirishani kwa watu wa uhamiaji, yule bwana akaisoma, akapiga hesabu zake, akaninong'oneza kwamba nimevuka kwa unywele. Akagonga muhuri. Nakuja, Shangazi. Chombo cha Jumamosi ijayo.

Mke wangu anajua nimepata kazi ya hospitali, na amefurahi mpaka ameanza kunigombeza tena, jambo ambalo nilikuwa nimelikosa. Hilo la mochwari hajalijua. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, siku nitakayofika. Naomba asilisikie kwa watu. Sitaki umfiche akikuuliza, ila usimtangulie.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kumwambia yeye, na ndilo lililonifanya nikuandikie wewe. Baba yangu, kaka yako, alipoanguka barabarani, wewe ulikuwa huko ng'ambo na mtoto mchanga, hukuweza kuja. Ni mimi niliyeitwa mochwari kumtambua. Nilikuwa kijana, ndevu hazijashika. Hawakuniambia chochote, walifungua tu mlango wakanisukuma kwa heshima. Kulikuwa na baridi, na mtambo unavuma. Nilimtambua kwa mguu. Mazishini kila mtu alisema nimejikaza kiume. Tangu hapo nikisikia mashine inavuma kwa sauti ile, nywele zinanisimama, na ndiyo sababu ya kweli niliyoacha majokofu nikakimbilia lifti. Huwa nawaambia watu ni kwa ajili ya mshahara.

Sasa ndipo ninaporudi, kwa miguu yangu mwenyewe, na nimeshukuru. Mtu akikuambia mahitaji hayana macho, mwambie yanayo, na yanachagua.

Wewe chumba hicho unakijua, unakwenda kuchukua shuka zake. Ninachokuomba ni hiki, na usimwambie mtu kwamba mwanaume mzima mwenye mke na mtoto amekuomba. Asubuhi ya kwanza, acha mashine zako kidogo, unisindikize. Usiingie. Simama tu hapo mlangoni, ujifanye unahesabu shuka, na uwe unaongea. Sema chochote. Nigombeze ukitaka. Nikikusikia, nitaimaliza ile kazi.

Nisalimie mzee wa nyumba na mabinamu zangu wote, yule mkubwa umwambie zile bisibisi alizoniomba nimezifunga tayari. Msalimie mama mkwe, mwambie anayekuja atamshusha na kumpandisha kwa lifti kila siku ya mazoezi. Mke wangu mshike mkono kwa niaba yangu. Na Kidoti akipita kwako, usimwambie mengi, mwambie tu kuna mgeni anakuja, viatu vyake amemnunulia vikubwa.

Mola akuweke, akupe miguu myepesi na majirani wasio na maneno, na akutangulizie heri kila unapofungua mlango.

Ni mimi mwana wa kaka yako, akupendaye tangu ulimi wake haujaweza kulitamka jina la shangazi,

Fundi.