Picha ya Bibi Akiwa Amesimama

Baraka, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na presha yako, maana nakujua, utaniandikia habari za kijiji kizima kabla hujaitaja. Unameza dawa, au unawagawia majirani tena? Na Baba, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima. Kazi ya kituo cha afya huku ng'ambo ya ziwa ni nyingi, lakini nimenenepa kwa samaki wa mikeke na ugali wa muhogo, na watoto wa mtaani wananiita Mutanzania kila nikifungua mdomo, ati naongea kama redio. Mimi niliyezaliwa na Mbembe halisi wa huku! Nimeshaacha kubishana nao.

Mama, nilipokuwa nafunga mizigo hapo Kigoma uliniomba kitu kimoja tu, sura ya mama yako. Ulisema hujaiona tangu siku ile ya vita mlipopanda mtumbwi pale Lweba na kumwacha ufukweni. Halafu ukanigeuzia mgongo, ukasema labda na yeye hataki tena kuiona yako. Maneno hayo nimetembea nayo huku kama jiwe ndani ya kiatu.

Safari yangu ya kwanza kupanda mlimani Fizi kwa Bibi nilikuandikia, ila sikukuambia yote. Nilitoa simu nimpige picha, akajifunika kitenge usoni.

"Tosha ile kintu," akasema, yaani niiondoe. "Bale bantu ba projet banakujaka, banatia telefone ku macho ya muntu, pa! banaenda. Hata jambo habasemake."

Mjomba alimbembeleza, mke wa mjomba alimbembeleza, wapi. Nilishuka Baraka mikono mitupu, na niliona aibu hata kukuandikia.

Aliyeniokoa ni Papa Wilondja, mwenye nyumba ninayopanga. Zamani, kabla ya simu, alikuwa na studio hapa Baraka, na kila bibi harusi alipita mbele ya kamera yake. Kamera hiyo bado anayo, imefungwa kwenye fulana. Ni sanduku lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu ni la kwako wewe mpigaji, la chini ndilo linalochukua picha. Huiweki usoni. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu na kuchungulia kwenye kioo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Mama, na mimi niliinama mpaka shingo ikaniuma. Filmu yake ni pana kama vidole vitatu, na inatoa picha kumi na mbili tu, basi. Kaka Elia alinitumia filmu tatu kutoka Dar, pamoja na dawa za kusafishia.

Ile ya kwanza niliiharibu yote. Nilikuwa naona vizuri kabisa kwa jicho la juu, kumbe jicho la chini nimeliacha na kifuniko chake. Papa Wilondja aliinua filmu kwenye mwanga, ikawa tupu kabisa, akaniuliza kwa upole kama nimepiga picha za Roho Mtakatifu. Ya pili nilisahau kuzungusha filmu kila baada ya kupiga, picha zikapandana. Kamera hii haikukatazi, inakuachia ujinga wako. Basi mke wake, Mama Nyota, akatokea ameketi na kofia yake ya kwaya katikati ya pikipiki ya watu, usukani unamtokea masikioni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, lakini usiku nililia, maana filmu imebaki moja, na Bibi hazidi kuwa kijana.

Nilipanda Fizi tena Jumamosi ya wiki iliyopita, kamera imefungwa tumboni kwa kitenge kama mtoto mchanga, na dereva wa pikipiki akanipa pole ya ujauzito.

Bibi alikuwa uani anachambua maharagwe. Nilimsalimia, nikaomba, nikafungua kifuniko na kuinamisha kichwa kutafuta sura yake kwenye kioo. Kioo kile kinageuza mambo, ukienda kushoto picha inakimbilia kulia, kwa hiyo nilikaa nimeinama muda mrefu nikihangaika. Nikasubiri kitenge kipande usoni. Hakikupanda.

"Angalia uyu mutoto," akamwambia mke wa mjomba. "Anainama mbele ya mukubwa. Njo vile banaombaka muntu. Piga, mutoto wangu."

Mama, kumbe aliona namwinamia. Na sijui kama alikosea.

Nikasogea karibu, nikapiga uso, nikapiga tena na tena, kwa sababu uso ndio uliouomba. Filmu ilipobakiza nafasi moja, Bibi akauliza, "Miguu iko naonekana?"

"Hapana, Bibi. Mama anataka uso wako."

"Uso anaujua. Piga na miguu." Akaweka ungo chini, akainuka mwenyewe, akavua kandambili. "Aliniachaka sababu ya miguu. Ilikuwa imevimba, hata mutumbwi sikuweza kupanda. Mi njo nilimuambia: enda, enda na batoto! Riziki anazania nilikasirika?"

Niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Ilipona. Kutoka Lweba mpaka huku mulimani nilitembea nayo. Aone niko nasimama. Piga."

Nikarudi nyuma mpaka kwenye mgomba, na machozi yakadondoka juu ya kioo, ikabidi nikifute kwa mkono wa blauzi. Nikapiga.

Jana tulisafisha filmu kwenye stoo ya Papa Wilondja, dirisha tumeliziba kwa blanketi. Mashine ya kukuza picha hatuna, tunalaza filmu juu ya karatasi ya picha na kuimulika, kwa hiyo picha ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Zile za uso zote zimekata paji la uso, kwa sababu ukisogea karibu mno jicho la chini halioni kile linachoona jicho la juu. Hilo hakuna aliyeniambia, na Papa Wilondja anaapa aliniambia. Iliyotoka nzima ni ile ya mwisho.

Anayekuletea barua hii ni Mama Sifa, yule anayevusha dagaa. Msalimie Baba, umwambie apunguze sigara. Msalimie mama mlezi wa kwaya, na shangazi mwenye cherehani, na mdogo wangu wa mwisho akumbuke kwamba mtihani haujifanyi wenyewe. Mjomba na mkewe wanakusalimu sana, wanasema ni siku nyingi.

Picha nimeiweka kati ya makaratasi mawili. Ifungue ukiwa umekaa. Miguu imetoka safi kabisa, mpaka kovu la kifundo unaliona. Uso umetikisika kidogo. Usikasirike, Mama, si mkono wangu uliotikisika. Nilipobonyeza, Bibi alikuwa anaongea. Alikuwa ameielekea kamera kana kwamba wewe ndiye umesimama pale, akisema, "Riziki, mutoto wangu, ulifanya muzuri kwenda."

Binti yako akupendaye,
Neema