Wanataka Kumkata Nelly Kama Walivyomkata Enock

Shikamoo Bi Zuwena, nakuandikia huko gazetini kwa sababu hapa Katoro sina mwingine wa kumwambia. Mtoto wangu wa kwanza, Enock, alizaliwa ulimi umeshikwa chini na kiuzi, akawa hawezi kunyonya, mama mkwe akamwita mtu anayekata vimeo, vile vinyama vya kooni, akakikata kile kiuzi kwa wembe, damu haikukoma, mtoto akafia mgongoni mwangu tukitafuta bodaboda ya kutupeleka kituo cha afya. Sasa nina Nelly, ana miaka mitano, naye ulimi ni vilevile, maneno yake wengi hawayaelewi, lakini kinachonitisha ni usingizi wake, akilala hata mchana anakoroma kama mtu mzima, halafu mkoromo unakatika, kifua kinahangaika hewa haiingii, mpaka nimtikise ndipo anashtuka na kuvuta pumzi, na shuleni mwalimu anamchapa kwa kusinzia. Mama mkwe anasema, "Hicho ni kimeo, mayu. Mtu wangu akija gulioni tunamkata kimeo na ulimi siku moja, tumalize." Nikakataa. Nikampigia mume wangu Marcel, anayechimba dhahabu kwenye maduara huko Bugarama, akasema, "Mama amelea watoto tisa, wewe umelea wangapi?" akakata simu. Kwetu Songwa wazazi walishafariki, nikifukuzwa sina pa kwenda. Juzi Nelly kaniuliza, "Mama, nikikatwa nitaenda alipo Enock?" Nifanye nini?

Mama Nelly, Katoro

Marahaba, Mama Nelly, na pole sana. Maneno ya mumeo ni ya kikatili. Enock hakufa kwa ulezi wako. Mama mkwe naye sidhani kama ana roho mbaya, anafanya alichofanyiwa yeye. Ila wembe wa mtu wake usimguse Nelly, na Nelly mwenyewe mwambie hivyo leo, asiendelee kuogopa peke yake.

Sasa nikugombeze. Mtoto anakatika pumzi, wewe unakaa kungoja gazeti? Mara nyingi ni nyama za nyuma ya pua au tezi za kooni zimevimba, zimeziba njia ya hewa. Ulimi huenda unachangia, huenda hauhusiki kabisa. Mimi sijui, na mtu wa gulioni hajui. Anayejua ni daktari wa masikio, pua na koo. Mrekodi Nelly kwa simu akiwa amelala. Zahanati wakikupa dawa ya mafua tu, waonyeshe hiyo video, omba rufaa ya hospitali kubwa, na usitoke bila rufaa. Ulimi ukihitaji kukatwa, watakata huko huko hospitalini. Kwa sasa mlaze ubavu. Ukimtikisa asiamke, au midomo ikigeuka rangi, kimbia naye saa hiyo hiyo. Na mwalimu mweleze, aache fimbo.

Wakitaka kumchukua kwa nguvu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Ndoa yako inaweza kuvunjika kwa hili, sikufichi, na dawa ya hilo sina. Lakini kesho asubuhi mbebe mwanao uende, na ruhusa usiiombe kwa mtu.