Leseni Yangu ni ya Pikapu

Jumatatu, 9 Juni
Maji, oili, matairi. Nimepakia ndizi Nyamiaga, nimeshusha Nemba, nimerudi jioni. Bosi amenunua kosta, basi dogo la viti ishirini na tisa. Anataka Jumapili niipeleke kwaya ya kanisa letu Rulenge. Nimekubali bila kufikiri. Mama yumo kwenye kwaya.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma madaraja ya leseni. B, gari dogo la binafsi. D, pikapu ninayoendesha. Abiria ni C, na kosta ya ukubwa huu ni C1. Inataka kozi yake. Mimi nina B na D. Miaka sita barabarani, sijawahi kuyasoma vizuri. Aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeijaribu kosta tupu hadi mnadani. Nzito. Unakanyaga breki, bado inakwenda. Na hapo nyuma hakuna mtu.
Nimerudisha ufunguo. Nimemwambia bosi leseni yangu hainiruhusu kubeba abiria.
“Gari ni gari, Devota. Usukani ni ule ule.”
Halafu akasema kesho nisije hata kwenye pikapu. Sina kazi.

Ijumaa, 13 Juni
Mwenyekiti wa kwaya amepita nyumbani. Shikamoo yangu ameiitikia akiangalia pembeni. “Unatuharibia safari kwa sababu ya herufi?” Mama hakunitetea. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nimemwomba asipande. Amegeuza sare, amepiga pasi upande wa pili.

Jumapili, 15 Juni
Wamekwenda, na mama yumo. Anaendesha mpwa wa bosi, mwenye leseni ya pikipiki tu. Sikwenda misa. Nimeshinda na simu mapajani.
Saa saba ujumbe: wamefika, wameimba vizuri. Trafiki hakuwasimamisha. Nilitaka wafike salama. Nilitaka pia wakamatwe. Yote mawili ni kweli.
Mama amerudi giza limeingia, kwa miguu, viatu mkononi. Amelala bila kula.

Jumatatu, 16 Juni
Asubuhi mama amesema mwenyewe, akimenya ndizi. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya kushuka, kosta ilikataa kusimama. Ikapanda tuta la udongo, ikazimika. Hakuna aliyeumia. Wengine wakapanda tena. Yeye akakataa, akatembea na wanawake wawili.
Nimechukua kisu, nimekaa karibu naye, tumemenya.
Baadaye ameniuliza kozi ya abiria inafanyikia wapi. Nimemwambia nitaulizia Biharamulo. Akasema nisikawie, kisha akaenda kuteka maji.