Majedwali Niliyomrukisha Dada Koleta

Jumamosi. Hapa Runazi manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Mahindi niliyoanika nimeyarudisha ndani, na nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Niandike tu.

Dada Koleta ni mwalimu mwenzangu, amenizidi miaka tisa. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Mwaka juzi alianza stashahada ya ualimu kwa masafa, na vitabu vikaja vya kuchapwa, wino mtupu. Nikajitolea kumsomea kila Jumamosi. Watu wa kanisani walinisifu, nami sifa hizo nilizipenda.

Maelezo nilimsomea vizuri. Shida ilikuwa majedwali. Kusoma jedwali kwa sauti kunachosha: safu hii, namba hii, rudi juu, anza tena. Nikazoea kumwambia, "Hapa pana jedwali tu, dada, linarudia yale yale," kisha nafunua ukurasa. Grafu nazo nilizifupisha. Moja nilimwambia mstari wake unapanda moja kwa moja, na hata sikuwa nimeitazama vizuri.

Alifeli upimaji na tathmini. Somo lenyewe ni majedwali na grafu.

Matokeo yalipotoka alisema labda kichwa chake kizito. Nikamjibu kwamba hesabu si za kila mtu.

Nilimjibu hivyo, mimi.

Leo asubuhi aliniita nikaone kifaa chake kipya. Ni kibao chembamba kinachounganishwa na kompyuta. Maneno ya kitabu yanageuka kuwa nukta nundu, vinundu vinapanda na kushuka chini ya vidole vyake. Chuo kimemtumia kitabu kile kile kwa njia hiyo, na grafu zake zimechorwa kwenye karatasi ngumu kwa mistari iliyoinuka.

Alisoma jedwali zima mbele yangu, safu kwa safu, akirudi juu kila alipopotea. Hakuruka hata namba moja. Kisha akaweka kidole kwenye grafu, ile ile. Kidole kikapanda hadi katikati, halafu kikaanza kuteremka upande wa pili mpaka chini.

"Huu mstari unashuka," alisema. "Kitabu ulichonisomea wewe kilikuwa toleo jingine?"

"Ndiyo, dada. La zamani."

Nikaaga haraka. Nikaenda nyumbani. Saa kumi nikarudi kwake kwenye matope, nikamkuta barazani anapukuchua maharage, nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama: majedwali, grafu, na ule uongo wa asubuhi.

Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua, mdogo wangu. Karatasi zina sauti. Nilikuwa nasikia ukifunua mbili kwa mpigo."

Nikamuuliza kwa nini hakunikemea.

"Ningekukemea, ukaacha kuja, nani angenisomea?"

Kumbe ile "asante mwalimu, Mungu akubariki" ya kila Jumamosi aliisema huku akijua nimemwibia kurasa. Alinivumilia kwa kuwa hakuwa na mwingine. Na lile swali lake la asubuhi lilikuwa mlango alionifungulia niseme kweli, nami nikautumia kutorokea.

Atarudia mtihani. Hakuniomba nimsomee, wala hana haja tena. Alinifungia maharage nikapike, nikayapokea kwa mikono miwili kama mtu aliyefanya jema.

Kuna jambo jingine. Ofisini walimu wenzetu wanaamini alifeli kwa sababu ya macho, na wakisema hivyo mimi huinamia madaftari nikisahihisha. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nitasimama mbele yao. Maneno ni machache: aliyemfelisha Koleta ni mimi.

Nimejaribu kuyasema hapa chumbani, peke yangu, na sauti imeniishia kabla ya kufika kwenye "mimi".

Nitajaribu tena.